Mabinti wa Shangazi Zaina

Katika matanga ya shangazi yangu Zaina nilinyimwa kazi. Kila nilipoinuka kwenye mkeka, mtu alinishika bega akanirudisha chini. Nikienda jikoni nanyang'anywa mwiko. Nikigusa ndoo, msichana mmoja ananipokonya na kukimbia nayo kama ameiba. "We ulikuwa mutoto wake, kaa. Pumuzika," wakaniambia, na walisema kwa mapenzi. Basi nikakaa. Nilikaa mpaka kichwa kikaanza kwenda mbio chenyewe, kinaruka hospitalini, kinaruka kaburini, kinarudi hospitalini, hakishiki jambo lolote wala hakiachi lolote.

Ndipo wanawake waliokuwa wakipanga chumba chake wakatoka na furushi dogo. "Hii chuma ni ya nini? Tutupe?" mmoja akauliza. Kabla sijaliona vizuri, harufu yake ilikuwa imenifikia. Ilikuwa ya mazutu ya zamani, yaani dizeli, na ndani ya mazutu, unga wa mahindi uliotoka kinuni bado una joto. Nililiomba, nikaliweka mapajani na kufungua kitenge kilichochujuka. Ndani mlikuwa na mhimili wa chuma urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Juu yake kulikuwa na mikono miwili iliyounganishwa kwa bawaba, na mwisho wa kila mkono tufe la chuma lenye ukubwa wa yai la bata. Nililia hapo, sikulia makaburini.

Nyinyi mliokulia Gisenyi zamani zile, umeme ulipokuwa unakuja na kuondoka bila hodi, mtaikumbuka mashine ya Zaina hata kama jina lake mmelisahau. Kibanda chake kilijengwa kwa mawe meusi ya volkeno, karibu na njia ya kwendea mpakani, Petite Barrière, na sauti yake ndiyo iliyotuamsha. Tu, tu, tu, tu, asubuhi yote, haiharakishi wala haizubai. Ilikuwa injini ya mazutu yenye magurudumu mawili mazito, kuukuu kuliko sisi wote. Mume wa shangazi aliiacha alipofariki, na ndugu zake shangazi walikuwa wamechangia kuinunua, kwa hiyo kila mmoja alijiona ana neno juu yake.

Mimi nilikaa kwa shangazi kwa sababu baba na mama walikuwa Mudende wanahangaika na viazi, na shule nzuri ilikuwa mjini. Nilifurahi kukaa kwake, ingawa si kila mtoto angefurahi. Shangazi Zaina alikuwa mfupi, mnene, nadhifu, na hasira zake zilikaa karibu. Aliwatukana mbuzi wa jirani na mvua. Wateja aliwatukana wakiwa wamejipanga foleni, nao walicheka, maana matusi yake yalikuwa na ladha. "Bon, muko naleta mahindi ao muko naangalia uso yangu? Uso yangu haisagiki!" Asubuhi alipoizungusha manivela kuiwasha ile injini, aliitaja na ukoo wake wote mpaka ikakohoa na kukubali.

Ubavuni mwa injini, nyuma ya wavu wa waya, ndipo walipokaa wale aliowaita mabinti. Mafundi waliokuja kutoka Goma waliita kifaa kile regulateri. Shangazi alisema hilo ni jina la hospitali, hawezi kuliita kila siku. Injini ikiwa imezimwa, matufe yale mawili yalining'inia karibu na mhimili, mikono imelala. Ikianza kuzunguka, nao wakazunguka, na kadiri mwendo ulivyoongezeka mikono ikapanda na kufunguka kwenda pembeni, kama wasichana wetu wanavyocheza arusini wakiinua mikono kuiga pembe za ng'ombe. Niliweza kukaa mbele ya ule wavu mpaka chai ikapoa.

Kwa akili yangu ya kitoto, mabinti ndio waliokuwa wakiiendesha injini. Nilikuwa na ushahidi. Mikono ikifunguka, injini inakimbia. Mikono ikilala, injini inapungua. Sasa nani angeniambia kitu kingine? Mwanamke akimimina debe la mahindi kwenye mdomo wa kinu, sauti ya injini ilizama kidogo na mikono ya mabinti ikashuka. Mimi nilidhani wamechoka, maskini, kazi imewazidi. Basi nikawapigia makofi na kuwaimbia, na baada ya punde sauti ilikaa sawa tena. Niliamini kabisa kwamba ni makofi yangu. Shangazi alinikuta siku moja nikiwaimbia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Imba, imba," akasema. "Lakini usiguse. Mi mwenyewe sigusagi. Bale mabinti hawapendi mukono ya mutu."

Alichokijua yeye, nami nilikuja kukijua baadaye, ni kwamba mambo yalikuwa kinyume na nilivyoyaona. Chini ya mabinti palikuwa na pete iliyopanda na kushuka nao, na kutoka kwenye ile pete wenzo ulikwenda kwenye pampu ya mazutu. Injini ikitaka kukimbia kupita kiasi, mikono inafunguka, pete inapanda, mazutu yanapunguzwa. Injini ikilemewa, mikono inashuka na mazutu yanaongezwa. Hakuna mtu anayesimama pale kupima. Ile nguvu ya kukimbia yenyewe ndiyo inayoinua mkono wa kuizuia. Mpaka leo nikiliwaza jambo hilo nasisimka, na nimesoma mengi tangu wakati ule.

Mwaka ninaousimulia, ng'ambo ya barabara palifunguliwa mashine ya umeme. Ilipakwa rangi ya kijani, haikutoa moshi, na ilisaga debe kabla hujamaliza kusalimiana. Wateja wakaanza kuvuka barabara. Wengine walivuka kwa aibu, wakificha ndoo upande usioonekana, na shangazi akawaita kwa majina ili wajue amewaona.

Baba Mkubwa, kaka yake shangazi, mwenye duka la vitambaa sokoni, akaja akakaa kwenye kigoda na kusema maneno yake polepole kama kawaida. Kama mpaka Idi wateja hawatarudi, injini itauzwa, mnunuzi yuko Goma. Shangazi atahamia kwake, kuna chumba. Mimi nitarudi Mudende kwa wazazi. "Umebeba vya kutosha, Zaina," akasema. "Utakuja utakaa. Hautabeba kitu tena, hata ndoo ya maji."

Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma shangazi. Alichukua kitambaa akaanza kufuta injini iliyokwisha kufutwa. Mimi nilijua kwamba mwanamke huyu akikaa chumbani kwa watu bila la kufanya atakufa, au atamuua mtu. Sikuwa na maneno hayo wakati ule. Nilienda kukaa mbele ya wavu wa mabinti mpaka usiku.

Aliyetaka kutuokoa ni Baba Mdogo Saidi, ndugu yao wa mwisho, aliyekuwa akivusha mizigo pale Petite Barrière kwa mkokoteni. Saidi alikuwa na moyo wa dhahabu na subira ya kuku. Siku chache kabla ya Idi, shangazi akiwa ameenda kutafuta mazutu, alikuja kibandani kushika zamu. Wanawake watatu wanne walikuwa kwenye foleni, na wa kwanza alikuwa Mama Neema. Yeye alirudi kutoka Tanzania, alikokulia, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata shangazi akamtania kwamba anaongea kama redio.

"Saidi, hii mashine yenu inasinzia," Mama Neema akasema. "Mwenzenu ng'ambo ameshasaga magunia."

"Haisinzii, Mama. Iko na breki," Saidi akasema, akiwaangalia mabinti kupitia wavu. "Ona, inataka kukimbia, hivi vitu vinaikamata. Nitaitoa breki, shangazi wa mutoto akirudi atakuta foleni imekwisha. Ataimba!"

Akatoa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ule aliofungia mizigo kila siku. Kwa watu wa mkokoteni hakuna jambo lisilotatuliwa kwa mpira huo: gunia likilegea unafunga, gurudumu likiyumba unafunga, viatu vikipasuka unafunga. Akafungua wavu, akauzungusha mpira kwenye ule wenzo wa pampu na kuuvuta upande wa mazutu mengi. Akaukaza kwa meno.

Ninyi mngeusikia ule mlio. Tu-tu-tu-tu ikawa mngurumo mmoja. Unga ukaanza kumwagika kwa kasi, wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akasema leo mashine imeamka. Na mabinti! Sikuwahi kuwaona wakicheza hivyo. Mikono yao ilifunguka mpaka ikawa imelala pembeni kabisa, wamezunguka hata wakawa duara moja la kung'aa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilikuwa nawashangilia kwa moyo wote, nisijue kwamba wanapiga kelele ya kuomba msaada na hakuna anayewasikia.

Aliyewasikia ni shangazi. Alituambia baadaye kwamba alikuwa bado kwenye kona ya mbali ya barabara, akaisikia injini yake ikiongea lugha isiyo yake, akaliacha dumu la mazutu katikati ya njia na kukimbia. Sijui kama mnaelewa: mwanamke yule hakuwahi kukimbia. Alisema kukimbia ni kwa wezi na kuku.

Alifika mlangoni, na wakati uleule mkanda uliounganisha injini na kinu ukachomoka. Ukapiga ukuta, ukalala chini kama nyoka aliyeuawa. Sasa injini haikuwa na kitu cha kusaga. Mngurumo ukawa mlio mwembamba unaopanda, unapanda tu. Moshi mweusi ukajaza kibanda, mawe ya sakafu yakaanza kutetema miguuni mwangu, yale magurudumu mazito hayakuonekana tena isipokuwa kivuli. Wanawake wakakimbia. Saidi alijitupa kwenye ule mpira, lakini alikuwa ameukaza mno, vidole vikamteleza.

"Saidi, toka! Toa mutoto!" shangazi akapaza sauti.

Saidi akaninyanyua kwa kiuno. Niliyaona yaliyofuata nikiwa kichwa chini, begani kwake, na ndiyo picha ninayoibeba ya shangazi yangu. Hakutukana. Uso wake ulikuwa umetulia. Alinyakua ungo wa Mama Neema uliokuwa juu ya gunia, akavua kitenge alichojifunga kiunoni, akakikunja mara kadhaa na kukitandaza juu ya ungo. Akauzunguka ule upande wa injini unaovuta hewa, akaugandamiza ungo kwenye mdomo wa bomba kwa mikono miwili na kifua. Injini ikaufyonza ule ungo. Ikakohoa. Ikatetemeka kama ng'ombe anayekataa kulala, yeye akiwa ameegemea na uzito wake wote, macho ameyafumba. Kisha mlio ukashuka, ukashuka, magurudumu yakaanza kuonekana tena, na mabinti wakateremsha mikono taratibu, wakaning'inia.

Tulizisikia punje za mahindi zikidondoka moja moja kutoka kwenye kinu. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya kibanda na gaguro lake la waridi, yeye ambaye hakutoka hata uani bila kujitanda, masizi yamempaka mpaka shingoni. Watu wote walikuwa mlangoni wakimwangalia.

"Bon," akasema. "Muko naangalia nini? Hamujaona gaguro?"

Tulicheka mpaka tukalia, na Saidi alilia kabisa. Mama Neema aliuliza kama ungo wake umepona. Haukupona, na shangazi alimnunulia mwingine, ila kila aliposaga kwetu baada ya siku ile aliuita ule mpya "fidia". Saidi alipiga magoti pale kwenye unga. Shangazi alikata ule mpira kwa kisu, akautundika kwenye msumari juu ya mlango. "Kosa yako haikuwa ya roho mubaya," akamwambia ndugu yake. "Ilikuwa ya haraka. Utaona ile mupira kila ukiingia." Na akaenda kutafuta dumu lake la mazutu, ambalo watu wema walikuwa wameliweka pembeni mwa njia.

Kesho yake Baba Mkubwa akaja, amevaa koti, uso umekunjamana. Habari ilikuwa imefika sokoni ikiwa imenenepa: Zaina amelipukiwa, Zaina amekatwa mkono. Alimkagua dada yake vidole vyote kwanza. Kisha akasema yamekwisha, hatungoji Idi, injini inaondoka wiki hii.

Shangazi alishika manivela. Aliiwasha injini. Mkanda ulikuwa umerudishwa, na ile tu, tu, tu, tu ikajaa kibandani. Akampa kaka yake debe la mahindi.

"Kaka, mimina."

Baba Mkubwa akamimina, koti na yote. Sauti ikazama kidogo, ikasimama.

"Umesikia? Umeipa muzigo. Mabinti wameshusha mikono, moteri imepata nguvu. Sasa acha."

Akaacha. Mahindi yakapungua, injini ikataka kukimbia, mikono ikapanda, sauti ikatulia palepale.

"Jana Saidi alifunga bale mabinti," shangazi akasema. "Ilikuwa mubaya, lakini ilikuwa bado inasaga. Iliruka akili wakati mukanda ilitoka. Wakati haikukuwa na kitu ya kufanya. Donc, basi, we unataka kunitoa hapa, nikae kwako, nisibebe hata ndoo. Unaniambia pumuzika." Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kaka, hii hasira yangu unaijua tangu tuko batoto. Ukinitoa muzigo, nani atanishika?"

Baba Mkubwa aliuangalia wavu. Nilidhani amekasirika. Halafu akavua koti, akalitundika kwenye msumari uleule wa mpira, na akamimina debe lililobaki, kisha la pili. Alipoondoka nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Habari ya mnunuzi wa Goma haikutajwa tena.

Sitawadanganya kwamba wateja wote walirudi. Wengine walirudi kwa kutaka kuona bomba lililofyonza ungo, wakazoea. Wengine walibaki ng'ambo. Lakini umeme ulipokatika, wote walivuka barabara kuja kwetu na ndoo zao, na shangazi aliwapokea kwa matusi mapya aliyoyatunga maalumu kwa ajili yao. Nilimaliza shule nikiwa kwake. Miaka mingi baadaye umeme ulipokaa sawasawa, ni yeye mwenyewe aliyesema basi, akanunua mota ya umeme, akaiuza ile injini kama chuma chakavu. Aliwatoa mabinti kwanza, kwa mkono wake. Kumbe alikuwa amewafunga kwa kile kitenge cha siku ile; nilikitambua pale mkekani, doa la masizi bado lipo.

Niliushika mhimili katikati ya viganja na kuuzungusha, kama mtu anayepekecha moto. Mabinti wakafungua mikono. Watoto wa ukoo wakasogea, mmoja akauliza hii inafanya nini, nikamwambia inacheza ukiipigia makofi, naye akapiga. Nilipoacha, mikono ikashuka.

Nikawaweka kwenye kitenge chao, nikainuka na kwenda jikoni. Mama Neema alikuwa huko, mzee sasa, ameketi kwenye kigoda na ungo wa mchele mapajani. Nilinyoosha mkono kuuchukua. Msichana yule mpokonyaji akafika mbio.

"Dada, tumekuambia pumuzika!"

"Ukinitoa muzigo," nikamwambia, "nani atanishika?"

Msichana hakuelewa. Lakini Mama Neema alinitazama, akaanza kucheka, machozi yakamtoka akicheka. "Mwache," akasema, akinipa ungo. "Huyo ni wa Zaina."

Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua mchele. Mawe huku, punje huku. Wanawake walirudi kwenye mazungumzo yao, kuni zikavuma, na baada ya muda kichwa changu kikashuka mwendo.